Bibi Lubaba, Hakimu Mihrani na Mfungua Lango

Wametusimulia walimu wetu, nao waliyapokea kwa walimu wao, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba palikuwa na mji kando ya mto Furati ambao wasimulizi wamehitilafiana juu ya jina lake. Sisi hatuna haja ya jina. Yatosha kujua kwamba mji huo ulikuwa na mitaa miwili: mtaa wa juu, wenye mashamba ya makomamanga na nyumba za mawe, na mtaa wa bondeni, walikoishi wafumaji, wafinyanzi na waoka mikate. Baina ya mto na mji palijengwa tuta refu, na katika tuta hilo palikuwa na lango moja la maji. Mto ukifura kupita kiasi, lango lilifunguliwa, maji yakamwagikia bondeni, na mtaa wa juu ukasalimika. Nyumba za bondeni zilikuwa za udongo, zilibomoka na kujengwa tena. Lakini watu hawajengwi tena. Kwa hiyo ilikuwa ni sheria ya mji kwamba lango lisifunguliwe mpaka mpiga mbiu apite bondeni kote, kisha aje mwenyewe langoni aseme, "Hakuna aliyebaki."

Huko bondeni aliishi mjane mmoja mwoka mikate, jina lake Bibi Lubaba. Alikuwa mcha Mungu, mwingi wa saumu, mchache wa maneno. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akijitwika kapu la mikate akaenda nalo gerezani, akampa kila mfungwa mkate mmoja. Hakuuliza nani amefanya nini. Watu walipomwambia kwamba wengine mle ndani ni waovu wasiostahili sadaka, alikuwa akijibu, "Njaa haina kesi."

Mwenyezi Mungu alimruzuku mtoto mmoja tu, binti aitwaye Nusaiba, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Wanasema binti huyo alikuwa na sauti kubwa na kicheko kikubwa, hata mama yake akimtafuta mtaani hakuhitaji kuuliza yuko nyumba gani.

Jirani yao alikuwa tabibu kutoka nchi ya Uajemi, wakimwita Hakimu Mihrani, kwa maana zamani tabibu naye aliitwa hakimu. Alikuja mjini na mdogo wake, Bahramu, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa tangu utotoni. Hakimu huyu hakuwa akiswali nasi, wala na Mayahudi, wala na Manasara. Alikuwa akisema kwamba akili ni taa aliyopewa, nayo yamtosha kuonea njia, lakini aliyeiwasha hamjui. Mola atusamehe kwa kuyanukuu maneno hayo. Watu walimnung'unikia, kisha mtoto akishikwa na homa wakaenda kumgongea mlango, naye akafungua, na kwa maskini hakupokea kitu. Bibi Lubaba alikuwa akimwombea uongofu kila siku na kumpelekea mkate kila siku, na hakuona kwamba moja linazuia jingine.

Basi ukaja mwaka ambao theluji ya milimani iliyeyuka kwa ghafla, mto ukapanda siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne mbiu ikapigwa, watu wa bondeni wakahamia kwenye kilima cha msikiti, wakibeba watoto na magodoro na kuku wao. Hakimu Mihrani alikuwa mtaa wa juu kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Hakuweza kuondoka. Akatuma wachukuzi wawili wamchukue mdogo wake. Wachukuzi wale walipoyaona maji yanavyopiga tuta, kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda, na wote wawili wakakimbia.

Bibi Lubaba na binti yake walifika kilimani salama. Na hapo, katika msongamano wa watu, Bibi Lubaba alitamka neno moja ambalo alikuja kulijutia. Alisema, "Laiti ningekumbuka kuchukua chachu yangu." Ilikuwa chachu ya mikate aliyoachiwa na mama yake, kwenye chungu kando ya tanuri. Alisema vile kama watu wanavyosema, bila kukusudia lolote. Alipogeuka, Nusaiba hakuwapo.

Mwenye kushika lango alikuwa kijana aitwaye Ghailani bin Jabala. Babu zake ndio waliolijenga lango lile, na shamba lao la makomamanga lilikuwa karibu na tuta kuliko mashamba yote. Adhuhuri ile maji yalianza kupenya, yakafika kwenye mashina ya miti yake. Mpiga mbiu alikuwa hajaja. Ghailani akatazama njia, akatazama miti, akashika gurudumu la lango, akalizungusha.

Maji yalipopungua, walikutwa wawili wamekufa: Nusaiba binti Lubaba, na Bahramu mdogo wake Hakimu. Walikutwa mbali mbali, mmoja huku na mmoja kule, kwa maana maji hayajui kuhifadhi. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

*

Ghailani akapelekwa mbele ya Kadhi Mutarrifu, mzee mwadilifu asiyependa kuharakishwa. Watu walisema kijana yule amefanya uzembe, hakumngoja mpiga mbiu, na kwamba hakujua kama kuna mtu bondeni. Kwa kosa kama hilo ingempasa kulipa dia tu, yaani fidia ya damu, na jamaa zake walikuwa na uwezo. Kadhi alikuwa karibu kuhukumu hivyo.

Ndipo Ghailani akasimama. Wanasema alikuwa amekonda katika siku zile chache hata nguo zikawa kama za mtu mwingine.

"Sheikh wangu," alisema, "usihukumu bado. Mimi nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia mtu anaita kutoka bondeni. Sauti ya mwanamke. Nilisikia, nami nikazungusha."

Baraza zima likapiga kelele. Mjomba wake alimvuta nguo akamwambia, "Nyamaza, umerukwa na akili!" Ghailani akasema, "Mjomba, nikinyamaza hapa, kule mbele ya Mola nitasema nini?"

Kadhi aliinua mkono, kelele zikakoma. Kisha akasema kwamba sasa jambo limegeuka, kwa kuwa aliyejua na akatenda si kama asiyejua. Haki ya kisasi ni ya mama wa Nusaiba na ya ndugu wa Bahramu, kila mmoja kwa maiti wake. Akitaka damu mmoja wao, Ghailani atauawa. Wakisamehe wote wawili, ataachwa hai. "Nawapa Ijumaa tatu," alisema. "Nendeni. Msijibu mkiwa na hasira, wala msijibu kwa kuona haya mbele za watu."

Ghailani akapelekwa gerezani, na Bibi Lubaba akarudi nyumbani. Watu walimsindikiza, na wengine walikwisha anza kumsifu. "Huyu ni mja wa Mungu," walisema. "Atasamehe, mtaona." Naye aliyasikia.

Ijumaa ya kwanza alioka mikate kwenye tanuri la kuazima mtaa wa juu, kwa kuwa lake lilibomolewa na maji, akajitwika kapu, akaenda gerezani kama desturi yake. Mlinzi wa gereza, mzee aitwaye Kaisani, alipokea mikate, akaihesabu, akamtazama.

"Bibi, iko minane. Wafungwa wako tisa."

"Najua," alisema Bibi Lubaba. Akafunga kapu lake akaondoka.

*

Siku iliyofuata Hakimu Mihrani alikuja akamkuta anaujenga upya ukuta wa tanuri lake kwa mikono yake. Akavua joho lake, akaanza kumsogezea udongo. Walifanya kazi kitambo. Kisha akasema:

"Bibi Lubaba, sikutaka uyasikie haya kwa watu. Leo asubuhi nimekwenda kwa Kadhi. Nimemsamehe Ghailani."

Udongo ukamponyoka Bibi Lubaba mkononi.

"Wewe?" alisema. "Umemsamehe wewe?"

"Ndiyo, dada yangu."

"Umewezaje? Niambie, maana mimi nimeswali tangu utoto wangu, na kila nikisujudu nataka kulitamka neno hilo, ulimi unanishinda. Na wewe usiyesujudu umetangulia."

Hakimu akaketi juu ya jiwe. "Usinidhanie makubwa. Moyo wangu haujapoa. Lakini nilijiuliza swali ninalojiuliza mbele ya kila mgonjwa: ni dawa gani itakayopunguza ugonjwa, na ipi itakayouongeza? Nikimwua, Bahramu hafufuki. Lango limevunjwa na maji, mwakani theluji itayeyuka tena, na hapa mjini hakuna aijuaye kazi ya lile lango kama Ghailani. Akifa yeye, huenda wakafa watu mia. Akiishi, tutalijenga lango jipya, tutaweka walinzi wawili badala ya mmoja, na uovu huu hautapata tena njia ya kupitia. Hayo ndiyo niliyoyaona. Nikaenda nikasema."

Bibi Lubaba alifikiri. Kisha akamwuliza kwa upole, si kwa kumshinda:

"Na kama angekuwa hana faida? Kama angekuwa kibarua tu asiyejua lango wala tuta. Ungemwua?"

Hakimu aliugeuzageuza udongo mikononi mwake mpaka ukaanza kukauka.

"Sijui," alisema mwishowe. "Hilo umenishika, na sina jibu la leo. Lakini nami nikuulize, Bibi, na usinikasirikie. Ninyi mnasema anayesamehe ujira wake uko kwa Mungu. Ukimsamehe ili upate pepo, utakuwa umemsamehe yeye, au utakuwa umefanya biashara na Mola wako, na Ghailani akawa mzani tu?"

Bibi Lubaba akachukua bonge la udongo, akalibandika ukutani.

Tazameni adabu ya watu hao, ndugu zangu. Kila mmoja alimgusa mwenziwe penye jeraha, na hakuna aliyeondoka amenuna. Hakimu aliendelea kusogeza udongo, na Bibi Lubaba akaendelea kujenga, mpaka ukuta ukasimama.

Alipokuwa anaondoka, Bibi Lubaba akamwita. "Hakimu, kuna jambo sijamwambia mtu. Watu wanadhani ninamchukia Ghailani peke yake. Siku ile kilimani nilisema laiti ningechukua chachu yangu. Mwanangu alinisikia. Alirudi kuifuata. Aliyefungua lango ni Ghailani, lakini aliyempeleka bondeni ni mimi. Kila nikitaka kumsamehe yeye, naliona deni langu mwenyewe limesimama nyuma yake, na sijui nani atanisamehe mimi."

Hakimu hakumwambia kwamba si kweli, kwa sababu hakujua. Alisema tu, "Pole, dada yangu. Hilo silo jeraha ambalo ninalo dawa yake." Akabaki amesimama mlangoni pale muda mrefu, ili Bibi asiwe peke yake.

*

Ijumaa ya pili alipeleka mikate tisa. Lakini mmoja ulikuwa umeungua upande, ule ambao kwa kawaida angewatupia ndege. Hakusema ni wa nani. Mzee Kaisani naye hakuuliza. Alipokwisha kuigawa, alitoka nje akamkuta Bibi Lubaba bado amesimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Ameula?" aliuliza.

"Ameula wote, Bibi. Na makombo ameyaokota."

Jibu lile lilimchoma kuliko kama angeambiwa ameukataa. Akaenda moja kwa moja kwa Kadhi Mutarrifu, akaketi nyuma ya pazia, akasema:

"Sheikh, nimekuja kujishitaki. Miaka yote nimewapa wafungwa mkate nikidhani natoa kwa ajili ya Mungu. Alipoingia gerezani mtu aliyeniumiza, nilimnyima kwanza, kisha nikampa ulioungua. Sasa najua kwamba wale wengine niliwapa kwa sababu hawakunigusa. Na watu mjini wananingoja nisamehe, wananisifu kabla sijafanya. Nikisema leo kwamba nimesamehe, nitakuwa nimesema uongo mbele yako na mbele ya Mola wangu."

Kadhi akasema, "Basi usiuseme uongo huo, mama. Mola wako hakukuita useme kwamba ubaya ni wema. Alikupa haki, na haki hiyo ni yako, hakuna atakayekulaumu ukiidai. Kisha akakuonyesha mlango mwingine ulio bora, akakuachia uende kwa miguu yako mwenyewe. Angetaka ukokotwe, asingekupa hiari."

"Na kama miguu haiendi?"

"Mwambie Yeye hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Ukweli wako huu ni bora kuliko msamaha wa mdomo. Bado una Ijumaa moja."

Akarudi. Na wiki ile, wanasema, dua yake ilikuwa fupi. Hakuomba pepo wala subira. Alikuwa akisema: "Ewe Mola wangu, moyo wangu ni mzito, nawe unauona. Siwezi kuubeba mpaka kwako. Njoo Wewe mpaka hapa ulipo moyo huu."

*

Ijumaa ya tatu alioka mikate tisa, yote sawasawa, hakuna ulioungua. Alipofika gerezani akamwambia mzee Kaisani, "Leo nifungulie. Wa tisa nitampa mwenyewe."

Ghailani alikuwa ameketi pembeni. Wiki ile alikuwa ameugua homa, na Hakimu Mihrani alikuwa akija kila siku kumtibu, akimnywesha dawa kwa mkono wake. Hata siku ile alikuwapo, amechutama anamfunga kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Bibi Lubaba alipoingia, Ghailani alijaribu kusimama, akashindwa, akafunika uso wake.

Bibi Lubaba akauweka mkate mbele yake. Akaketi chini.

"Ghailani."

"Labeka, mama."

"Sikuja kukusamehe, wala sikuja kukulaani. Nimekuja kukuuliza jambo moja, na kwa haki ya Mola aliyetuumba, usinifiche. Kwenye baraza ulisema ulisikia mwanamke anaita. Hukusema aliita nini. Mwanangu alisema nini?"

Kijana akasema, "Mama, nisamehe, sikuwa na uso wa kuyasema mbele yako. Nilisema nilisikia sauti, nikaishia hapo. Lakini nilisikia maneno yote. Hayajaniacha hata saa moja."

"Yaseme."

"Alikuwa kwenye njia ya wafinyanzi, chini ya tuta. Sikumwona vizuri, nilimwona ameinama, nikadhani amebeba mzigo. Akaniona mimi. Akapaza sauti, na sauti yake ilikuwa kubwa, mama. Alisema: 'Ewe uliye langoni, subiri kidogo! Tuko wawili! Nimembeba Bahramu!' Kisha akasema tena, 'Ni mzito, lakini nafika!' Na akacheka. Wallahi mama, alicheka, kama mtu aliye karibu kumaliza kazi. Kisha mimi..."

Akafunika uso wake tena.

Wafungwa wengine waliacha kutafuna.

Wa kwanza kulia alikuwa Hakimu Mihrani. Tangu siku alipomzika mdogo wake, hakuna aliyeliona chozi lake. Alimsamehe Ghailani kwa macho makavu, akauguza wagonjwa kwa macho makavu. Sasa alikiachia kile kitambaa, akaweka uso wake kati ya magoti yake, akalia kama waliavyo watoto, bila kujizuia. "Nilidhani alikufa peke yake," alikuwa akisema. "Nilidhani aliita na hakuna aliyemwendea. Alibebwa. Mdogo wangu alikuwa amebebwa."

Naye Bibi Lubaba alikaa ametulia, midomo yake inatikisika. Kisha wakasikia anachosema. Alikuwa akisema, "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Hakurudi kwa ajili ya chachu." Akarudia mara nyingi, hata mzee Kaisani asiyejua habari ya chachu naye akasema alhamdulillahi pamoja naye.

Baada ya muda akamgeukia Ghailani, akamtoa mikono usoni.

"Mwanangu," alisema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la upole kwake, "siku ile barazani, kama ungenyamaza ungelipa dia ukaenda zako. Nami ningekufa nikiamini kwamba nilimwua binti yangu kwa neno langu. Ulifanya ubaya ambao siwezi kuuita jina jingine. Kisha ukasema kweli iliyokuweka chini ya upanga. Duniani hapa, sauti ya mwisho ya Nusaiba imehifadhiwa mahali pamoja tu, katika masikio yako. Nikiyazika masikio hayo, nitakuwa nimemzika mara mbili. Nimekusamehe. Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu, na kwa ajili yako, na kwa ajili yangu. Sijui kutenganisha, na sitaki tena kutenganisha. Kula mkate wako."

Akamtazama Hakimu. "Uliniuliza swali. Hilo ndilo jibu nililonalo."

Hakimu alifuta uso. "Na la kwako, Bibi, nami nimelipata. Hapana. Hata angekuwa hana faida, nisingemwua. Lakini usiniulize kwa nini. Hesabu zangu hazikunifikisha hapo. Nimefika tu. Kama vile sijui ni hesabu gani iliyomrudisha binti yako bondeni, kwa kiwete asiye wa dini yake wala wa damu yake."

"Hiyo si hesabu," alisema Bibi Lubaba. "Ni malezi. Na mlezi si mimi."

*

Kadhi alimwachilia Ghailani mbele ya watu wote. Na Bibi Lubaba hakutaka asifiwe kwa uongo. Alisimama nyuma ya pazia akaeleza habari ya mikate minane na ya mkate ulioungua, ili asije mtu akadhani kwamba waja wa Mungu husamehe kwa urahisi. Wanasema siku ile walilia watu ambao hawakulia siku ya gharika.

Kisha kazi ikaanza. Hakimu Mihrani alichora namna ya kuchimba mfereji mpya wa kupunguzia maji, usipite bondeni. Njia pekee iliyofaa ilipita katikati ya shamba la Ghailani. Hakuna aliyemlazimisha. Alichukua shoka mwenyewe, akaikata miti ya makomamanga aliyoirithi kwa babu yake, ile ile aliyoiokoa siku ile, na alipokata wa kwanza alisimama kidogo, kisha akaendelea. Hakimu akaweka pia kanuni mpya, nayo Kadhi akaiandika: kwamba maji yakizidi hata mfereji, lango lisifunguliwe kwa neno la mpiga mbiu peke yake, bali watu wawili wapite bondeni, nyumba kwa nyumba, wakiita kwa sauti, wanyamaze, wasikilize, ndipo warudi kushuhudia. Mji ule ulifurikwa tena mara nyingi baada ya hapo, na hatukusikia kwamba alikufa mtu.

Watu huuliza: je, Hakimu alisilimu? Wasimulizi wamehitilafiana. Wako wasemao kwamba alitamka shahada mwisho wa maisha yake, na wako wasemao kwamba alikufa akisema kama alivyosema siku zote, kwamba taa anayo na aliyeiwasha hamjui. Sisi tunaliacha hilo kwa Mwenye kulijua. Lililothibiti ni kwamba Bibi Lubaba, mpaka kufa kwake, alikuwa akimtaja katika dua zake baada ya mwanawe, na alipoulizwa sababu alisema, "Mola wangu alitaka kunifundisha huruma, akanitumia mwalimu ambaye nisingemchagua. Nimshukuru Mola, nisimshukuru mjumbe?"

Ndugu zangu waumini, ubaya ukitupata, watakuja kwetu wenye akili watuonyeshe ni wapi ulipopenyea na namna ya kupaziba. Tuwasikilize, tena tuwashukuru, kwa maana akili nayo ni neema, na neema haina mwenyewe ila Mmoja. Lakini akishazibiwa ufa, bado mtu yuko na moyo wake mkononi na hajui auweke wapi. Hapo ndipo dini inapomshika mkono. Wala haimshiki kwa kumwambia kwamba hakuumia. Inamshika kwa kumruhusu aseme, "Moyo wangu ni mzito," mbele ya Asiyechoka kusikia.

Nami nakiri kwenu kwamba kila ninapokisoma kisa hiki husimama pale mzee Kaisani aliposema mikate ni minane. Nawajua watu ambao mimi mwenyewe nimewapunguzia mkate. Huenda nanyi mnao. Basi tumwombe Yeye aliyemvumilia Bibi Lubaba kwa Ijumaa tatu, atuvumilie na sisi, na kila ajapo mtu na kweli inayomgharimu, atupe masikio ya kuipokea na ulimi wa kushukuru. Amin.